Matano Mshika Mikia

Vitongoji, kule Pemba, kuna watu wanaojua bahari kwa harufu, na kuna wanaojua mvua kwa magoti. Matano bin Nyange yeye alikuwa akijua maneno kwa mikia.

"Neno ni kama ng'ombe wa mchezo," alikuwa akisema, na kabla ya kusema hujivuta kwanza kwenye kiti kama mtu anayetaka kutoa fatwa. "Pembe zitakubabaisha bure. Weye litazame nyuma. Kule nyuma ndiko lilikoficha siri yake."

Jirani yake Hamad, ambaye ng'ombe anao wa kweli, alikuwa hamwachii. "Na ukisimama nyuma ya ng'ombe, yakhe, wajua mwenyewe unachokipata."

Watu wakicheka Matano hakasiriki. Husubiri kicheko kiishe, akaendelea pale pale alipoachia. Ndiyo maana wakampa jina, Matano Mshika Mikia, na jina lenyewe hakulikataa. Alilipenda, ila alikuwa akilalamika kwamba halina mkia wa maana.

Shule hakuifuata sana. Alifika darasa ambalo watoto wanafundishwa kugawanya, yeye akagawana njia na mwalimu. Lakini chuo cha Kurani alihitimu, na sauti ya kusoma alikuwa nayo. Kisha yalipokuja Mapinduzi na serikali ikawa inaleta wataalamu kutoka nchi hii na ile, Matano akapata kazi ya upishi katika nyumba yao moja pale Chake Chake. Leo wanakaa Wachina, kesho wanaondoka wanakuja Wahindi, mtondo wanakuja watu ambao hata nchi yao Matano hakuijua iko upande gani wa Kibla. Yeye kazi yake ilikuwa kupika wali na kuteleka chai. Lakini mtu huteleka chai kwa mikono, masikio yanabaki hayana kazi. Ya Matano yakajitafutia kazi.

Kwa Wachina alijifunza kwamba wao wakitaka kuuliza hawahangaiki kupandisha sauti. Hulisema neno lao, kisha nyuma yake wakalifunga *ma*, basi limekwisha kuwa swali. Matano akarudi nyumbani siku hiyo mbio mbio, hata mkoba wa samaki kausahau.

"Kazija! Kazija wee! Mchina *ma* yake huitia nyuma, ikawa ni kuuliza. Sie *ma* yetu twaitia mbele, vitu vikawa vingi. Yai, mayai. Umeona?"

Mkewe, Bi Kazija, alimtazama mikononi. "Samaki yuwapi?"

"Samaki nimesahau."

"Basi leo utakula *ma*. Ukipenda itie mbele, ukipenda itie nyuma."

Kwa Wahindi mambo yakamzidi. Aliwasikia wanaitana *ji*, mkubwa huitwa kwa jina lake kisha hufuatishwa *ji*, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Matano akakaa nayo wiki nzima, akija barazani anaipeleka huku na kule kama mtu mwenye pipi mdomoni. Mhindi *ji* yake ni heshima, akasema, na sie *ji* yetu ni kazi: mchezaji, mchungaji, msemaji.

"Mlaji," Hamad akamsaidia.

"Na mlaji."

"Basi weye, Baba Mwanawema," Kazija akamwambia mumewe kutoka ndani, "wakikuita msemaji usidhani wamekuheshimu."

Lakini mkia aliokuwa akiupenda kuliko yote ni *ni*. Huo aliupata mwenyewe, msikitini, baina ya sijda mbili. Alikuwa anaomba kama anavyoomba kila mtu, *warhamni, warzukni, wahdini*, mara ikamjia kwamba kumbe kila neno limeshikwa mkia mmoja, na mkia huo maana yake ni mimi. Nirehemu mimi, niruzuku mimi, niongoze mimi. Akasahau amefika rakaa ya ngapi. Maana kwetu *ni* hiyo hiyo ukiitia nyuma ya neno huwa si mimi kabisa, huwa ni nyinyi nyote: njooni, kuleni, karibuni. Mwarabu *ni* yake yakunja mkono kuelekea kifuani, akasema, na yetu yaufungua kuelekea mlangoni.

Hilo hata Hamad hakulitania. Alitikisa kichwa kwa kukubali. Aliyelitania ni Kazija.

"Ndiyo maana huruzukiwi, baba. Yuko Mola anakusikia *ni, ni, ni*, mimi, mimi, mimi. Siku moja ombea *ni* ya Kiswahili na sie tupate."

Basi huyo ndiye Matano. Na angekuwa ni wa mikia ya maneno peke yake, pasingekuwa na neno. Taabu ilianza alipohamia kwenye mikia ya majina ya watu.

Kila mtu mzima Pemba anajua habari ya mikia hiyo. Zamani jina la mtu lilikuwa refu kama jamvi la kuanikia karafuu, lina bin huyu bin yule, na mwisho kabisa limefungwa ile *i* ya Waarabu inayokwambia mtu ni wa kabila gani. Kisha ikaja sitini na nne. Mjusi akishikwa huacha mkia wake pale pale unachezacheza, mwenyewe akakimbia na roho yake. Watu nao wakafanya hivyo. Aliyelala ana jina la vipande vitano aliamka nalo la vipande viwili, na ukimwuliza kilichobaki kimekwenda wapi, anakwambia hakikuwapo.

Lakini mkia wa mjusi humea. Ilipofika miaka ya thamanini, mambo yamelegea kidogo, mkia ule ule ambao zamani ungekupeleka pabaya sasa ungekupeleka Maskati, ukarudi na redio ya kaseti mbili. Mikia ikaanza kuchomoza. Wengine ilimea mirefu kuliko ya babu zao. Na hapo watu wakawa wanamfuata Matano: huyu anayejiita hivi, kweli ni wa kabila hilo? Matano hufumba macho, akaling'ata jina kama mtu anayeonja embe, akatoa hukumu. Mara nyingi hakukosea. Mara nyingine alikosea, lakini kwa sauti ile ile.

Yeye mwenyewe mkia hakuwa nao. Babu yake alikuja kutoka bara na jina moja, akaishi nalo, akafa nalo. Na hilo, tusiseme uongo, lilikuwa likimwuma kidogo.

Alikuwa na binti mmoja tu, Mwanawema, mwalimu wa skuli. Binti mwenyewe mpole, lakini mpole wa aina ile ambayo ukimwudhi hasemi, hukutazama tu mpaka ukaomba radhi. Alipokuja kuposwa mara ya kwanza, na watu wa Msuka, mposaji mwalimu mwenzake, kila kitu kilikuwa sawa mpaka Matano alipowauliza wageni jina la babu wa mposaji. Wakamwambia. Akauliza la baba yake babu. Wakamwambia. Akaendelea kupanda juu ya mti ule wa watu tawi kwa tawi, mpaka akafika mahali akashika jina moja, akaling'ata, akasema, "Ahaa. Huyu mkia wake si wa kwenu. Huyu mliokotana naye."

Mkubwa wa wageni akavaa viatu. "Bwana Matano, sie tulikuja kuposa," akasema. "Hatukuja mnadani kukaguliwa." Wakaondoka na halua yao.

Mwanawema alimtazama tu baba yake. Mtazamo ule ulikaa nyumbani siku nyingi kama mgeni asiyeaga.

Sasa ikaja posa ya pili. Mposaji ni Zahran, fundi wa redio wa Wawi, kijana mwenye vidole vyembamba na maneno machache. Safari hii Mwanawema mwenyewe alikuwa anataka, na Kazija alilijua hilo kwa kuwa redio ya nyumbani ilikuwa ikiharibika kila wiki na huko nyuma haikuwahi kuharibika. Baba yake Zahran ni Bwana Msellem. Wazee wao walikuwa na mashamba ya mikarafuu hata usiyamalize kwa miguu. Yalipochukuliwa, wakahamia nyumba ndogo Wawi wakawa wanalima muhogo kama watu wengine. Mkia wao ulikuwa wa kweli, mrefu, wa kujulikana. Na Msellem aliukata siku ile ile, na ulipokuja wakati wa kumea, hakuuacha umee.

Matano aliposikia ni nani wanakuja, alikosa usingizi kwa furaha. Kazija akamkuta asubuhi anajisemea peke yake.

"Matano bin Nyange... el-Tongoji. Yaonaje hiyo?"

"El-Tongo nini?"

"El-Tongoji. Mtu wa Vitongoji. Waarabu ndivyo wafanyavyo, mtu akitoka Hijazi ni el-Hijazi..."

"Kaoshe uso kwanza, Baba Mwanawema. Mwenye matongo ni weye kweli."

Lakini Mwanawema hakucheka. Alikuja akakaa chini karibu na miguu ya baba yake, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni. "Baba, nakuomba kitu kimoja. Siku hiyo usimshike mtu mkia. Hawa wakiondoka kama wale wa Msuka, mie sitaposwa tena, maana hakuna atakayekuja. Na mie huyu namtaka."

Mtoto wa Kipemba kumwambia baba yake kwa mdomo wake kwamba huyu namtaka, si jambo dogo. Matano akamwekea mkono kichwani. Akaapa. Akasema siku hiyo atakuwa kama jiwe la kusagia, hata ukilipiga halisemi.

Wageni walikuja Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Kazija na jamaa zake wamekaa ndani, nyuma ya pazia, na Mwanawema yuko chumba cha uani anajifanya anapanga vyombo. Pembeni ya pazia, kwenye mkeka wake, alikaa Bi Masika, mama yake Matano, bibi wa siku nyingi, meno hana, kwa hiyo tambuu yake huiponda kwanza kwenye kinu kidogo cha shaba. Tik, tik, tik. Sauti hiyo nyumbani mle ilikuwa kama saa ya ukutani.

Nje barazani Matano alikuwa kwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na juu yake joho la kuazima ambalo linanuka nafutalini. Hamad alikaa kulia kwake, maana yeye ndiye aliyewekwa awe msemaji wa upande wa mke. Walikubaliana: Matano ataitika salamu, atasema karibuni, basi.

Upande wa pili alikuja Shehe Abrahman wa Wawi, ndiye msemaji wao, na wazee wawili wa mtaani. Na Bwana Msellem. Matano alikuwa amemngojea kwa joho, kilemba na jambia. Msellem alikuja na shati la mikono mifupi na kofia iliyofuliwa mara nyingi. Akampa Matano mkono.

"Mie Msellem, wa Wawi."

Basi, hakuongeza kitu. Matano alibaki ameushika ule mkono, anangoja kilichobaki, kama mtu aliyemiminiwa kahawa nusu kikombe. Hakikuja. Akauachia.

Kahawa ikapita, halua ikapita. Shehe Abrahman akafungua maneno vizuri, kwa heshima, kwamba wao wamepita njia hii wakaona nyumba yenye kheri, na wana kijana wao anataka kuwa mtoto wa nyumba hiyo. Hamad naye akajibu vizuri, hata Kazija nyuma ya pazia alishangaa kwamba mtu wa ng'ombe anaweza kusema vile. Mambo yalikuwa yanateleza. Hamad amekwisha kusema "tumesikia", amebakiza "tumekubali".

Hapo ndipo jiwe la kusagia liliposema.

"Bwana Msellem," akasema Matano, kwa upole kabisa. "Msellem bin nani vile?"

Hamad akafumba macho.

"Bin Sheha," akasema Msellem.

"Naam. Bin Sheha. Sheha... el-...?" Akaiacha hewani, mkono umefunguka, kama mtu anayemwekea kuku mtama.

Msellem akatabasamu. "Inatosha, Bwana Matano. Ukiniita Msellem, naitika."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Matano aliona amefungiwa mlango usoni. Yeye! Mtu anayefuatwa kutoka vijiji vyote kuja kuulizwa mikia, leo amekaa barazani kwake, amevaa joho, na mkia anaoujua kabisa anafichwa kama mtoto! Akataka kuonesha kwamba yeye si wa kufichwa, kwamba yeye kwa watu hawa si mgeni. Na hapo, badala ya kushika mkia wa mtu, akaitia mkia hadithi.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kweli mwanzoni. Zahran alipozaliwa, miaka michache baada ya Mapinduzi, mama yake, Bi Ghania, aliugua uzazini, na Msellem siku hizo alikuwa hayupo. Watu wazima walijua asiyekuwapo siku hizo alikuwa wapi, hawakuuliza. Bi Masika ndiye aliyekuwa akitoka Vitongoji kila alfajiri na kibuyu cha maziwa, mpaka Wawi, kwa mtoto yule. Hilo Matano alilisimulia miaka mingi. Kwanza alisema mama alimpelekea maziwa. Baadaye, mama alimlea. Hadithi ikisimuliwa humea.

"Jamani," akasema, na sauti imempanda, "twafichana kwa nini kama watu wa mbali? Sie na nyie kitu kimoja! Huyo Zahran kalelewa na nani? Na mama yangu, yule pale ndani. Ziwa nililonyonya mie, ndilo alilonyonya yeye!"

Tik ya kinu ikasita.

Shehe Abrahman aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Hata mtoto mchanga wa Kipemba analijua jambo hilo: waliochangia ziwa ni ndugu. Zahran akiwa amenyonya kwa Bi Masika, basi Zahran ni ndugu yake Matano. Na Matano ni baba yake Mwanawema.

Sauti ya Kazija ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba. "Baba Mwanawema. Umemwozesha mtoto kwa ami yake."

Kule uani kikaanguka chombo kikavunjika. Hakuna aliyekwenda kuokota.

"Mie..." akasema Matano. "Nilikuwa nasema tu, ni namna ya kusema..."

"Neno la ziwa halina namna ya kusema, Bwana Matano," akasema Shehe Abrahman. "Likishatajwa haliachwi hivi hivi. Ama kanyonya, ama hakunyonya. Bwana Msellem, weye wajua nini?"

Msellem alikuwa anatazama mikono yake. "Mie sikuwapo, Shehe. Niliporudi nilimkuta mtoto mnene. Marehemu Ghania aliniambia kuna bibi wa Vitongoji alimnusuru. Jinsi gani, sikumwuliza. Nilikuwa na mengi ya kutouliza."

Basi akabaki mtu mmoja duniani anayejua. Wakamwita Bi Masika, akasogea mpaka kwenye pazia, akalifunua kidogo, akakaa na kinu chake mapajani. Matano jasho lilikuwa limemrowanisha na joho la watu. Nyuma ya bega la bibi ulionekana uso wa Mwanawema. Safari hii hakumtazama baba yake. Angemtazama ingekuwa nafuu.

"Bi Masika," akasema Shehe, "umesikia. Mtoto huyu Zahran, ulimnyonyesha?"

Bi Masika hakuwa na haraka. Miaka mingapi wanaume hawajamnyamazia hivi? Aliipeleka tambuu shavu la kulia, akairudisha la kushoto.

"Shehe, mtoto nilimkuta analia mpaka sauti imekwisha. Mama yake kalala kama jani. Majirani wamefunga madirisha, mie siwalaumu, siku hizo mtu aliogopa hata kuonekana anasalimu. Nikasema huyu hana alilolifanya, njaa haijui ni wa nani. Alishiba maziwa yule mtoto, Shehe. Alishiba."

"Maziwa yako?"

"Yangu?" Bi Masika akajitazama kifuani, kisha akamtazama Shehe. "Mie mwana wangu wa mwisho ni huyo mwenye joho, na wakati huo alikuwa na ndevu. Ziwa lenyewe lilikuwa limelala kama mfuko wa tumbaku mtupu. Angenyonya upepo. Yalikuwa maziwa ya Tumu."

Shehe Abrahman, aliyekuwa ameanza kushusha pumzi, akaipandisha tena. Tumu! Amezuka mwanamke mwingine. "Tumu ni nani kwenu? Ni wa ukoo huu?"

"Wa nyumba hii hii."

"Lahaula. Yu hai?"

"Hayuko. Tulimchinja Idi kubwa. Matano alikula paja."

Ikapita kama nusu ya pumzi, barazani watu wamekodoa macho. Kisha Hamad akaanguka kwenye mto. "Mbuzi!" akapiga kelele. "Jamani, mbuzi! Shehe, Tumu mbuzi!"

Kicheko kilichotoka pale kilitisha kuku. Wazee wa Wawi walishikana. Nyuma ya pazia Kazija alikuwa anacheka na kulia. Shehe Abrahman alijitahidi kubaki shehe, akashindwa, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Hata Msellem mabega yalikuwa yanamtikisika, lakini yeye macho yake yalikuwa kwa Bi Masika, na hayakuwa ya kicheko.

Matano peke yake alikuwa hajui acheke au aingie chini ya jamvi.

"Mbuzi hafanyi udugu," akasema Shehe alipoweza. "Lakini weye, Bwana Matano, ndiye walii wa kumwozesha huyu mtoto, na umelisema neno mbele ya mashahidi. Nawe ulirudishe mbele yao."

"Kwa kweli, Shehe, mie niliposema ziwa, ukiangalia neno lenyewe kwa Kiarabu..."

"Bila mkia," akasema Shehe Abrahman.

Matano akavua joho. Akalikunja, akaliweka pembeni. "Mama yangu hakumnyonyesha Zahran," akasema. "Nilijisifu."

Halafu kwa mara ya kwanza siku ile Mwanawema akamtazama, na Matano hakuwa na haja ya kuomba radhi tena.

"Tumekubali," akasema Hamad upesi upesi, kabla hajazuka mtu mwingine.

Harusi ilikuwa baada ya mavuno ya karafuu. Kwa muda wote huo Matano hakuweza kupita njiani bila watu kumuuliza hali ya ndugu yake, na wengine walimlilia "mee" kutoka kwenye migomba. Hamad alisema sasa mkia ameupata, el-Mbuzi, na kwamba ni mkia wa kumfaa, maana mkia wa mbuzi haufukuzi inzi wala hausitiri aibu. Matano aliyapokea yote. Siku ya kuozesha, Shehe alipomwambia amtaje binti yake, akamtaja: Mwanawema binti Matano. Watu wakangoja. Akanyamaza.

"Mwisho?" Hamad akanong'ona.

"Mwisho."

Pilau ilipoletwa, wageni wamezunguka masinia, wanangoja neno la mwenye nyumba. "Kuleni," akasema Matano. Na alipolisema tu, *ni* ile ikamcheza ulimini. Midomo ikafunguka, kidole kikapanda juu. Pale mlangoni Bi Masika akauinua mchi wa kinu chake. Kidole kikashuka, kikaingia kwenye pilau pamoja na vidole vya wengine.

Wageni walipokuwa wanaaga, Bwana Msellem alimvuta Matano pembeni, karibu na kizingiti cha zizi la zamani la mbuzi. Akamwinamia sikioni. Akamwambia jina lake lote, bin huyu bin yule, taratibu, mpaka mwisho, na mkia wake. Hakuwa amelisema kwa sauti tangu ile sitini na nne. Kisha akamshika bega, akaenda zake.

Nyumbani Kazija alikuwa anamngoja. "Alikuwa anakwambiani yule?"

"Jina lake."

"Ehe! Msellem nani?"

Matano akavua kofia, akaitundika msumarini. Ungemwona ungedhani ana jipu mdomoni, namna alivyokuwa akilibana.

"Msellem mkwe mwenzangu," akasema.

Na mpaka leo ukimwuliza, hivyo ndivyo atakavyokujibu.